Pikipiki ya Baba Mkwe Haipandi Lori

Jumatano, 5 Novemba

Nimeondoka! Lugang nyuma, Chishang mbele. Kusini kwanza, kisha mlima, kisha pwani ya mashariki hadi kwenye mashamba ya mpunga ya ukweni. Pikipiki ya baba mkwe, iliyolala bandani kwangu miaka na miaka, inarudi kwa mwenyewe kwa magurudumu yake. Niliapa hivyo mbele ya ukoo mzima. Mdomo wangu huu!

Niandike mambo yalivyo, nisije nikasahau kwa nini najitesa. Jumapili mzee anatimiza sabini. Jumatatu anapasuliwa nyonga hospitalini Taitung, na daktari ameshamwambia kwamba baada ya hapo pikipiki basi tena. Hataki keki. Hataki pete ya dhahabu. Anataka Jumapili ampakie mama mkwe nyuma, wapite njia ya mashambani kama siku aliyomleta bibi arusi. Kwa pikipiki ileile. Nikifika Jumatatu, nimefika bure.

Nilimwambia nimeifufua kwa mikono yangu. Ni kweli. Fundi wa mtaani alinisaidia kidogo tu: injini, gia, breki na nyaya. Kung'arisha nilifanya peke yangu.

Sasa Axing. Axing ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu Wanzhen. Ana lori dogo la bluu analobebea vitunguu saumu, na lori lenyewe linanuka hivyo. Alisema tuipakie pikipiki, tulale, tuamke tumefika. Nikakataa. Akasema basi atanifuata nyuma. Ana mbao mbili na kamba. Tumekubaliana: pikipiki ikipanda mbao zile, yeye ndiye atakayemkabidhi Baba ufunguo. Mtoto wa kiume wa pekee, anapendwa tayari, na bado anataka na ufunguo!

Asubuhi nilipita hekaluni kwa Mama Mazu, mlinzi wa wasafiri. Nikachukua hirizi ya safari, nikaizungusha mara tatu juu ya moshi wa ubani. Nikafikiri sana pa kuiweka. Gurudumuni kuna matope. Kwenye usukani kuna upepo. Kitu cha heshima hakiwekwi chini ya kiuno. Basi nikaiweka juu ya kifuniko cha tangi, mahali palipo juu na penye hadhi kuliko pote. Juu yake plastiki. Juu ya plastiki selotepu pana ya kuzuia maji, nikaivuta hadi kwenye kingo, nikaikandamiza kwa kidole gumba pande zote. Mvua yoyote ije. Hirizi kavu kuliko hii haijapita kwenye lango la Lugang.

Tumevuka daraja la Xiluo vizuri, naimba. Mbele kidogo injini ikaanza kulegea, kama mzee anayepanda ngazi. Ikavuta, ikavuta, ikazima. Kimya. Axing akasimama nyuma yangu. Akashuka, akateremsha ubao wa kwanza.

Nikamwambia aurudishe. Ni plagi, jambo dogo. Nikabadilisha plagi. Nikapiga kiki hadi goti likalia. Hakuna kitu. Axing akateremsha ubao wa pili. Nikafungua tangi nione kama kuna petroli. Fyuuu! Tangi likavuta pumzi. Petroli tele. Nikafunga, nikapiga kiki: ikawaka mara moja!

Kwa hiyo ilikuwa plagi, ilihitaji tu muda wa kuzoea. Axing amerudisha mbao zake huku anatafuna mbegu za alizeti. Nimelala Chiayi kama mfalme.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimejaza tangi hadi shingoni ili nisisimame ovyo. Sijamaliza hata kuimba wimbo mmoja, imezima. Jana ilikwenda mbali na tangi nusu, leo tangi limejaa na haifiki popote. Nimetafakari kando ya barabara huku malori yakinipulizia vumbi. Uchunguzi wangu: petroli ya leo imechanganywa. Nikafungua niinuse. Fyuuu! Harufu ya petroli kabisa. Hapo ndipo walipo wajanja. Nikafunga. Ikawaka.

Axing aliuliza imepona vipi. Nikamwambia nimeinusa. Aliniangalia kwa muda mrefu.

Tainan nimeipeleka gereji kwa fundi mmoja, Mzee Hong. Si kwamba nimeshindwa. Nilitaka maoni ya pili. Akafungua tangi, akachungulia, akafunga, akapiga kiki, akaiacha ikinguruma pale kwa muda wa kunywa chai yote. Haikutetereka. Akaniambia injini hii ni nzima kuliko mimi. Nikamwambia imezima mara mbili. Akasema mbele yake haijazima, naye hatibu ugonjwa wa kusimuliwa.

Ila nimeona kitu. Juu ya pampu yake ya upepo ameweka pakiti ya kijani ya vile vitafunio vya mahindi, ambavyo kisiwani kwetu huwekwa juu ya mashine ili itii. Juu ya friji, nyingine. Hata juu ya kompyuta ya binti yake. Mashine zote za gereji ile zina adabu. Nimejipiga paji la uso. Mimi, mtu wa Lugang, nimesafiri bila pakiti ya kijani! Nimenunua kubwa, nikakagua tarehe isiwe imepita, nikaifunga kwenye usukani. Hirizi juu ya tangi, pakiti mbele. Mbingu na dunia zimekamilika.

Ilikwenda, ikaenda, hadi tumepita Pingtung. Ikazima karibu na Linbian, kando ya mabwawa ya samaki. Mbao. Mbegu za alizeti. Yule mtu hana hata adabu ya kuuliza kwanza.

Nikaenda kwenye lori lake kuomba bisibisi. Nikaona nini kwenye kiti? Pakiti ya njano! Kila mtoto wa kisiwa hiki anajua: kijani mashine inatii, njano mashine inagoma. Na yeye ananifuata nyuma na pakiti ya njano, kilometa zote hizi! Nikamuuliza anakusudia nini. Akasema anakusudia kula, ni ya ladha ya kari, na lori lake halijagoma. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Nikamuuliza wazi kama ametia sukari kwenye tangi langu. Akasema sukari yote anatia kwenye chai yake. Nikalifungua tangi mbele ya macho yake. Fyuuu! Nikachovya kidole, nikaonja. Si tamu. Nikafunga. Ikawaka palepale!

Amejua kwamba nimejua. Hilo tu limetosha. Tumefika Fangliao, ulimi bado una ladha ya petroli, hata uji wa samaki sikuusikia.

Ijumaa, 7 Novemba

Mpango kabambe. Nimeamka kabla ya jua, nikaisukuma pikipiki kimya hadi mwisho wa mtaa, ndipo nikawasha. Nimemwacha Axing na mbao zake anakoroma. Ikizima, itazima bila shahidi.

Imezima bila shahidi. Kulia bahari, kushoto reli, mbele hakuna nyumba. Plagi nzima. Pakiti ya kijani ipo. Nimeisihi, nimeitukana, nimeiomba radhi. Nikakaa kwenye jiwe nimeikasirikia, nikawaza nitakavyomwambia mzee. Nikajaribu kusema kwa sauti: Baba, samahani. Sikuweza kumaliza. Yule mzee hajawahi kuniomba kitu tangu nimuoe binti yake. Hata duka langu la miavuli lilipofungwa, hata ule mradi wa bata, alininyamazia tu, akanijazia chai. Hili ndilo ombi lake la kwanza kwangu.

Baada ya kukaa sana nikapiga kiki kwa hasira tu. Ikawaka! Sikugusa kitu. Nimeelewa. Pikipiki hii ni mzee. Mzee anataka kupumzika. Tatizo limetatuliwa: tutaendesha kidogo, tutapumzika sana.

Axing akanikuta nimepumzika. Ameniletea chapati ya yai na maziwa ya soya, bado ya moto. Sikumuuliza kwa nini. Nimekula.

Kufika Fenggang tulikuwa tumepumzika kuliko tulivyoendesha. Hesabu ikagoma: kwa mwendo huu mzee ataiona pikipiki yake mwaka mpya. Nikaamua kumaliza mjadala. Nikaishusha kabureta kwenye ua wa nyumba ya wageni, nikaifungua kipande kipande juu ya taulo, nikaisafisha kwa mswaki. Mswaki wa Axing, wangu ni mpya. Ndani ni safi kabisa. Hakukuwa hata na uchafu wa kumlaumu mtu. Nikairudisha. Imebaki nafasi ya skrubu moja ndogo, na skrubu haipo.

Tumeitafuta mchana kutwa. Mimi na Axing na mwenye nyumba na mama yake mwenye nyumba, wote kwa magoti. Jua lilipokaribia kuzama Axing akavaa kiatu, akapiga ukelele. Skrubu imo kiatuni mwake. Nikamwambia nilijua ni yeye. Akasema kama angetaka kunihujumu angekaa tu kwenye lori anitazame nikifanya kazi.

Siku nzima imepotea. Kesho ni Jumamosi. Kesho lazima tuuvuke mlima wa Shouka na kufika, hakuna siku nyingine. Wanzhen amepiga simu kutoka Chishang, nikamwambia tunakwenda vizuri sana. Akauliza mbona niliposema hivyo Axing alicheka nyuma yangu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua. Si manyunyu, mvua ya kumwagwa kwa ndoo. Nimeiangalia hirizi yangu chini ya selotepu: kavu, inang'aa. Nimejisifu.

Imezima mwanzoni mwa kupanda. Nikapumzika. Ikawaka, ikaenda mpaka kona ya pili, ikazima. Nikapumzika. Safari hii haikuwaka kabisa. Nikabadilisha plagi chini ya mwavuli. Nikakagua nyaya. Nikapiga kiki mpaka buti likajaa maji. Tangi sikulifungua, mimi si mjinga, mvua yote ile ingeingia ndani.

Axing alisimama juu yangu akiushika mwavuli. Alikuwa anaifunika injini na mimi, mgongo wake ukilowa. Hakuteremsha mbao. Hilo ndilo lililoniogopesha. Baadaye akasema taratibu kwamba saa zinakwenda, kwamba Baba hatatazama kama imekuja kwa lori au kwa mabawa. Nikamwambia atatazama. Akasema kweli, atatazama. Mzee alishamwambia kwamba pikipiki ikija imebebwa, ataona ni ishara, naye ataiacha bandani.

Ndipo akateremsha ubao wa kwanza. Akateremsha wa pili. Nikaishika pikipiki usukani. Tumeisukuma mpaka gurudumu la mbele likagusa ubao.

Simu ikalia. Wanzhen. Anauliza tuko wapi, kwa sababu Baba ameshanyoa ndevu mara mbili leo. Nikamwambia tumeshapita Taitung. Akasema Taitung leo ni jua kali, na yeye anasikia mvua. Nikamwambia yote. Plagi, petroli, sukari, pakiti ya njano, skrubu, mapumziko. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Mimi sijui injini," akasema. "Nakujua wewe. Nijibu hili tu. Kila ilipowaka, kabla ya kupiga kiki ulikuwa umefanya nini?"

Nikamwambia pale Xiluo nilibadilisha plagi.

"Halafu?"

Halafu nilichungulia tangi. Na siku iliyofuata nilinusa tangi. Tainan fundi alichungulia tangi. Linbian nilionja.

"Umeonja petroli, Bangyan?"

Kwa kidole tu, nikasema.

"Na leo tangi umelifungua?"

Nikamwambia mvua. Nilimsikia anavuta pumzi, vile anavyofanya akiniona nashika nyundo.

"Umebandika nini kwenye kifuniko?"

Sikuwahi kumwambia! Nikamuuliza amejuaje. Akasema miaka kumi na tano ya ndoa, kila kitu nilichowahi kukipenda nimekibandikia kitu. Nikamweleza habari ya hirizi, plastiki, selotepu, kidole gumba. Axing alikuwa amesogeza sikio kwenye simu, maji yakimtiririka puani.

"Kopo la maziwa," Wanzhen akasema, "ukilitoboa tundu moja tu, maziwa yanatoka?"

Hayatoki, maana hewa haina pa kuingilia. Ndiyo maana watu hutoboa mawili. Nikamwangalia Axing. Axing akaniangalia. Akautupa mwavuli, akatoa kisu chake cha vitunguu saumu.

Nikamzuia. Hirizi haichanwi! Nikasimama wima mvuani, viganja pamoja, nikamwomba Mama Mazu ruhusa, nikamweleza hali ilivyo kwa ufupi. Kisha nikaibandua kwa kucha, taratibu, kona moja hadi nyingine. Chini yake, katikati ya kifuniko, kuna kitundu kidogo kama punje ya ufuta. Kikavuta hewa chenyewe. Fyuuuuu! Pumzi ndefu, ya mtu aliyefungwa pua siku nne.

Kiki moja. Ikanguruma mlima mzima.

Sijui nieleze vipi. Nilikumbatia tangi. Axing akauliza kama nalia. Nikamwambia ni mvua. Akasema mvua ya upande huu basi ina kamasi. Naye akageuka haraka kwenda kufunga mbao zake, akazifunga kwa kamba yote aliyokuwa nayo, mafundo mengi mno kwa mbao mbili.

Hirizi nimeitia mfuko wa shati. Tumeuvuka mlima, tumeteremka Dawu, jua likatupokea pwani. Haikuzima tena. Si Taihe, si Taitung, si Luye. Nilipoingia Chishang mzee alikuwa amesimama mlangoni kwa fimbo yake. Aliisikia kabla ya kuiona. Akasema, "Hiyo ni yangu," kisha akaingia ndani akajifanya anatafuta miwani.

Jumapili, 9 Novemba

Siku njema kuliko zote. Tambi ndefu za maisha marefu, paja la nguruwe lililopikwa mpaka linateleza kutoka kwenye mfupa, na majirani wamejaa hadi uani. Mezani nimewasimulia jinsi nilivyoligundua tatizo. Niliwaambia nilikaa mvuani, nikafikiria kopo la maziwa. Wanzhen alikula tambi zake bila kuinua uso. Axing akaomba nirudie pale nilipoonja petroli.

Kisha safari yenyewe. Mama mkwe amevaa koti jekundu na kilemba cha plastiki kuzuia upepo, akasema atapanda hadi kona tu, ana kazi jikoni. Nyonga ya mzee hairuhusu kiki, nikampigia mimi. Ikawaka kwa kiki moja, mbele ya watu wote. Mzee akaniwekea mkono begani. Kama alisema kitu, sikumsikia kwa mlio wa injini.

Wakaondoka kati ya mpunga wa dhahabu, uliobaki wiki moja kuvunwa. Tukasikia mlio ukienda, ukienda, ukipinda nyuma ya mfereji. Kisha ukakatika.

Kimya. Watu wote wakanigeukia mimi.

Nikasema wamefika mbali tu ndiyo maana hatusikii. Wanzhen akauliza hirizi iko wapi. Nikamwonyesha, mfukoni. Akaukagua na mfuko wa pili. Tukangoja. Hawarudi. Mama mkwe alisema hadi kona tu! Mzee hawezi kupiga kiki, hawezi kusukuma, nyonga ile ikiteleza mferejini kesho hakuna wa kupasuliwa. Nilianza kukimbia. Sikujua kama naweza kukimbia vile. Nyuma yangu Axing amewasha lori, mbao zinagongana, Wanzhen amesimama nyuma ameshika kamba.

Tuliwakuta ukingoni mwa shamba, wamekaa. Pikipiki imesimamishwa vizuri kivulini mwa mashine ya kuvuna. Mama mkwe alikuwa anamenya chungwa. Nilijitupa kwenye tangi, nikafungua kifuniko, hakuna fyuu. Nikafungua koki ya mafuta, nikafunga. Nikashika waya wa plagi. Axing ameshateremsha ubao mmoja. Wote tunahema, wote tunauliza kwa pamoja imeharibika nini.

"Haijaharibika," mzee akasema. "Nimeizima. Mama yenu alikuwa ananiambia jambo, sikumsikia."

Nikamuuliza, Baba, sasa ungeiwashaje peke yako?

Akakubali kipande cha chungwa kutoka kwa mkewe, akakitafuna chote. "Nilijua mtakuja mbio."

Mama mkwe akatuambia twende nyumbani, bado hajamaliza kusema. Tukarudi kwa lori, watatu kwenye kiti cha wawili, na kitunguu saumu. Sijui alikuwa anamwambia nini. Tulikaa mlangoni tukingoja mpaka mzee alipopiga honi, ishara kwamba anataka kiki, nami nikarudi tena kwa miguu, nikaipiga, nikawatazama wakipita.

Jumatatu, 10 Novemba

Imekwenda vizuri! Daktari ametoka, amevua barakoa, amesema nyonga mpya imekaa kama ilizaliwa pale. Mzee ameamka akauliza kama pikipiki imefunikwa. Wanzhen amelia kidogo, mimi nimelia zaidi. Mama mkwe amegawa machungwa kwa wodi nzima. Naweza kupumua.

Nimerudi Chishang mchana nikae na nyumba. Nimekuwa nikiwaza habari ya Axing. Niliyemdhania sukari, niliyemdhania njano, ndiye aliyenishikia mwavuli mlimani. Mtu wa namna hiyo hupewa asante ya vitendo, si ya mdomo. Kesho alfajiri anarudi Lugang na lori, kupitia mlima uleule.

Na siku nne hizi nimejifunza jambo kubwa kuhusu mashine. Kumbe siri yote ni pumzi! Hata pikipiki ilipopumzika, ilikuwa inanyonya hewa kidogo kidogo. Mashine ni kama mtu, huwezi kumziba kila mahali ukategemea afanye kazi. Nimelikagua lori lake lote kwa jicho hilo jipya. Tangi la dizeli, sawa, linapumua. Lakini rejeta, pale penye maji ya kupoza injini! Kifuniko cha rejeta nimekigeuza, nimekishika juani, nimekipuliza: hakina kitundu hata kimoja. Kimezibwa na mpira, na juu ya mpira kimekazwa na springi. Wameandika juu yake eti kibane vizuri, la sivyo maji yatachemka na kuruka nje; woga wa kiwandani tu. Lori limeendeshwa hivyo miaka yote, maskini, limebana pumzi, na waliolitengeneza hawakujali.

Nimekuta keekee kwenye banda la mzee. Nimetoboa matundu matatu, nikayasugua kingo yasikwaruze. Nimekirudisha, nimekikaza, nimefuta alama za vidole ili iwe zawadi ya kushtukiza. Sitamwambia. Kesho akianza kuupanda ule mlima na mzigo wake wa mchele wa ukweni, atauona mwenyewe wepesi wa gari lake, na atajua ana shemeji wa namna gani.